Pembe Ndogo ya Shaba

Kiswahili kimetosheka na neno moja. Tarumbeta, neno tulilolipata kwa Wareno, hufunika karibu kila chombo cha shaba kinachopulizwa kwa midomo iliyobanwa, kuanzia kile cha gwaride la polisi hadi kile cha beni ya harusi. Sina ugomvi na neno hilo. Lakini chombo ninachotaka kukieleza hapa kina jina lake mahsusi, nalo ni koneti, neno lililotoka katika Kifaransa likiwa na maana ya pembe ndogo. Nalihitaji jina hilo kwa sababu jambo lililonishughulisha kwa miaka miwili halieleweki mpaka mtu ajue koneti imeundwaje na kwa nini imeundwa hivyo. Jambo lenyewe ni hili: je, ifaa kuongeza sentimita nne za mrija katika koneti ya marehemu mjomba wangu, au iachwe kama ilivyotoka kiwandani?

Mjomba alikuwa mpigaji wa beni Ng'ambo, Unguja. Koneti yake aliinunua kwa askari mstaafu wa bendi ya polisi, akaipiga katika harusi na maandamano kwa zaidi ya miaka thelathini. Pistoni ya tatu ilipoganda kabisa, alinikabidhi niipeleke kwa fundi Uingereza, ninakoishi. Akafariki kabla kazi haijakwisha. Tangu hapo koneti imekaa kwangu, katika mji mmoja wa Yorkshire, nchi ambayo karibu kila bonde lina bendi yake ya shaba.

Ukiitazama kwa mara ya kwanza, utaona chombo kifupi na kinene. Kina urefu wa sentimita 35 hivi, ilhali trampeti ya kisasa yenye sauti za kiwango kilekile hufika karibu sentimita 50. Ajabu ni kwamba mirija ya vyombo hivi viwili, ikinyooshwa, hukaribiana sana kwa urefu: takribani mita moja na nusu kasoro kidogo. Tofauti imo katika mkunjo. Mrija wa koneti umezungushwa mara mbili, na ndiyo maana mtu huweza kuishika karibu na kifua, akatembea nayo, akapinda kona ya kichochoro bila kumgonga aliye mbele. Tofauti ya pili haionekani kwa macho. Sehemu kubwa ya mrija wa trampeti ina upana mmoja, kisha hutanuka ghafla kuelekea kinywani. Mrija wa koneti huanza mwembamba na kupanuka polepole katika sehemu kubwa ya safari yake, isipokuwa pale unapopita kwenye pistoni. Kipulizio chake nacho kina kikombe kirefu chenye umbo la faneli. Mambo hayo mawili hupunguza ukali wa sauti. Trampeti hukata, koneti husema. Mjomba hakuwahi kusoma fizikia ya sauti, lakini aliniambia kwamba chombo hiki "kina koo," naye alikuwa amesema yote.

Katika kinywa kumechongwa jina la Boosey & Co. na anwani ya Regent Street, London. Kwa hiyo koneti ilitengenezwa kabla ya mwaka 1930, kampuni hiyo ilipoungana na Hawkes & Son. Fedha iliyopakwa juu imekwisha pale kiganja cha kushoto kilipokuwa kikishika, na chini yake imejitokeza shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mahali pachache pana madoa ya rangi ya waridi. Hayo si uchafu. Ni dalili kwamba jasho na unyevu vimeila zinki na kuiacha shaba nyekundu peke yake, na mrija unaofika hali hiyo huwa dhaifu kama karatasi. Vibonyezo vitatu vya juu vimepambwa kwa vipande vya chaza, na vipande hivyo vimelika katikati kama ngazi za nyumba ya zamani. Pembeni kuna kishikio kidogo chenye skrubu. Wapigaji wa gwaride hutia hapo kibanio cha karatasi za noti. Mjomba hakuwa akisoma noti, basi alikitumia kufungia shada la nyuzi nyekundu. Nyuzi chache bado zimenasa ndani.

Sasa tuingie ndani ya chombo, maana huko ndiko iliko hoja yangu.

Mrija mtupu wa shaba, usio na pistoni, hauwezi kutoa kila sauti. Hutoa ngazi yake ya kimaumbile tu, yenye vidato vilivyoachana sana upande wa chini. Ndiyo maana miito ya bugle ya jeshini hufanana yote. Ndiyo maana pia siwa zetu za Pwani, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zilitosheka na sauti chache nzito. Siwa hupulizwa kwa ubavuni, na kazi yake ilikuwa kutangaza heshima ya mtu au ya ukoo katika harusi na sherehe za wakubwa. Haikuhitaji kuafikiana na chombo kingine chochote. Walioisikia ndio waliopaswa kunyamaza.

Koneti ilizaliwa kutokana na haja tofauti. Mwanzoni mwa karne ya 19, Heinrich Stölzel na wenzake nchini Ujerumani walitafuta njia ya kuufanya mrija uwe mrefu au mfupi papo hapo, kwa kidole. Mafundi wa Paris wakaitia mbinu hiyo katika pembe ndogo ya matarishi wa posta, ikapatikana koneti. Mwishoni mwa miaka ya 1830 François Périnet, fundi wa Paris, akaunda pistoni za namna ambayo, kwa msingi wake, bado inatumika leo. Kila pistoni ni mche wa duara wenye matundu. Ukiibonyeza, pumzi huacha njia fupi na kupita katika kitanzi cha ziada. Pistoni ya pili hushusha sauti kwa nusu toni, ya kwanza kwa toni nzima, ya tatu kwa toni moja na nusu. Springi huirudisha juu, na vipande vya sufi na kizibo huzuia isigonge. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta wake ni ndogo kuliko unywele, kwa hiyo chembe ya mchanga au kutu ya chumvi yatosha kuinyamazisha. Mjomba alipaka mafuta ya cherehani, nayo yalimfaa kwa miaka mingi kuliko fundi wa hapa alivyotaka kuamini.

Kwa vidole vitatu, pembe iliyokuwa ya kutangaza ikawa ya kuimba. Jean-Baptiste Arban aliiandikia mwaka 1864 kitabu cha mafunzo ambacho wanafunzi wanakitumia mpaka leo. Huko New Orleans, Buddy Bolden aliishika koneti, na Louis Armstrong aliianza yeye pia kabla hajahamia trampeti katika miaka ya 1920. Uingereza nako, wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliunda bendi zao. Katika bendi ya mashindano ya leo yenye wapigaji wa shaba 25, kumi hushika koneti.

Pistoni, hata hivyo, zina dosari ya hesabu ambayo haiondoki. Ili kushusha sauti kwa nusu toni, mrija lazima uongezwe takribani asilimia 6 ya urefu wake. Kwa toni nzima, asilimia 12. Kwa toni moja na nusu, asilimia 19. Kila kitanzi, kikitumiwa peke yake, ni sahihi. Ukibonyeza vyote vitatu unapata jumla ya asilimia 37. Lakini sauti unayoitafuta, iliyo chini kwa toni tatu, inahitaji zaidi ya asilimia 41, kwa kuwa kila nyongeza ingepaswa kupimwa kwa mrija ambao tayari umerefushwa. Katika koneti, pengo hilo ni karibu sentimita sita. Vitu vitatu vilivyo sahihi kila kimoja kwa nafsi yake hukosea vinapounganishwa.

Mpigaji hodari huliziba pengo kwa midomo. Waundaji walilitafutia dawa ya shaba. David James Blaikley, aliyekuwa akifanya kazi kwa Boosey, alipata hataza mwaka 1874 kwa mfumo wa kufidia. Pistoni ya tatu ikibonyezwa, pumzi iliyotoka katika kitanzi chake hurudishwa kupitia pistoni mbili nyingine mara ya pili, na humo hukutana na vitanzi vidogo vya nyongeza, ambavyo hushiriki pale tu panapokuwa na upungufu. Koneti ya mjomba ina mfumo huo. Vitanzi vyake vya kufidia vimejificha nyuma ya vile vikubwa kama vitoto vya paka. Vina gharama yake: huongeza uzito, na pumzi hukutana na kona nyingi zaidi. Wapigaji wengi siku hizi hupendelea mrija wenye pete ya kidole, wanaousukuma wenyewe wakiwa katikati ya wimbo. Lakini mimi huvutiwa na fikra iliyomo katika kazi ya Blaikley. Yeye hakutafuta mrija mmoja ulio kamili. Alikubali kwamba kuungana huleta upungufu, akauwekea upungufu huo mahali pake ndani ya chombo.

Marekebisho hayo yote hukihusu chombo kikiwa peke yake. Tatizo langu lilianza kilipokutana na vyombo vingine.

Koneti ya mjomba iliundwa kwa kimo cha sauti kilichotawala Uingereza enzi hizo, ambapo noti ya La ilipimwa kwa mitetemo 452.5 kwa sekunde. Wafaransa walikuwa wamejiwekea 435 tangu mwaka 1859. Mwaka 1939 mkutano wa kimataifa uliofanyika London ukakubaliana juu ya 440. Bendi za shaba za Uingereza hazikufuata mara moja, kwa sababu nyepesi kueleweka: hauwezi kubadilisha chombo kimoja ukaacha kingine. Bendi nzima ingelazimika kununua upya siku moja, na bendi hizo zilikuwa za watu wa mshahara wa wiki. Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 1960, waundaji wakubwa walipoacha kutengeneza vyombo vya kimo cha juu. Tofauti yenyewe ni karibu robo ya toni. Ni ndogo mno kuitwa sauti nyingine, na ni kubwa mno kuvumilika.

Ng'ambo tofauti hiyo haikumsumbua mtu. Katika beni ya mjomba waimbaji waliifuata koneti, ngoma hazikudai kimo, na mpiga tromboni alikuwa na mkono wa kusogeza mrija wake mpaka akamkuta mwenzake. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi watu wa Pwani walivyoyachukua magwaride ya Wazungu tangu miaka ya 1890 na kuyatia ndani ya mashindano yao wenyewe ya mitaa na vyama. Marini na Arinoti walienea Tanganyika nzima, na askari wa Vita Vikuu vya Kwanza wakaipeleka beni mbali zaidi. Kando ya Ziwa Nyasa, pasipokuwa na shaba, watu walitengeneza malipenga ya vibuyu yenye utando unaotetema, wakaimba ndani yake hadi vibuyu vikalia kama tarumbeta. Kimo kilikuwa kile walichokubaliana waliokuwapo.

Leo hali si hiyo. Mjukuu wa mjomba, ambaye kwangu ni mtoto wa binamu, anapiga katika kikundi cha vijana hukohuko mjini, na kikundi hicho kina kinanda cha umeme. Kinanda hicho kinalia kwa 440, nacho ndicho kinachoshikilia wimbo. Aliniletea ujumbe: "Shikamoo shangazi. Naomba koneti ya babu. Nataka kuipiga, si kuiangalia." Nilimweleza habari ya kimo. Nikamwambia kwamba kuibadilisha ni kukiondolea chombo sauti aliyoisikia babu yake maisha yake yote. Jibu lake lilikuwa fupi: "Shangazi, tarumbeta lisilolia na wenzake ni sufuria."

Upande wa pili walikuwapo wenye maneno mazito vilevile. Rafiki yangu mmoja, mtu wa makumbusho, aliniambia kwamba vyombo vya kimo cha juu vimekatwakatwa na kurefushwa kwa wingi, na kila kimoja kilichobaki salama ni ushahidi. Fundi alinipa njia ya kawaida: kuukata mrija unaotoka kwenye kipulizio, kuulehemu kipande, kisha kukipaka chombo kizima fedha mpya ili kiungo kisionekane. Niliifikiria fedha hiyo mpya. Ingefunika alama ya kiganja.

Sikuweza kulitazama jambo hili kama la shaba tu. Wazee wengi tunaoishi nao huku ughaibuni, na wale wa Maskati, waliondoka Unguja katika miaka hiyohiyo ya 1960. Kiswahili chao kimebaki katika kimo cha siku ya safari. Wakirudi likizo, vijana hucheka baadhi ya maneno yao, nao hushangaa baadhi ya maneno ya vijana. Hakuna anayekosea. Kila upande umelinganishwa vizuri, ila haukulinganishwa na mwenzake. Nimewaona wazee wakinyamaza mezani kwa sababu hiyo, na nimewaona wengine wakiazima neno jipya moja, wakalijaribu mdomoni, mazungumzo yakaendelea. Hao wa pili sikuona kwamba wamepoteza kitu.

Jibu nililipata katika chombo chenyewe, nilipokifungua chote juu ya meza na kukipanga vipande vyake kwenye taulo. Koneti ina viungo vya namna mbili. Viko vilivyolehemiwa, ambavyo muundaji alitaka vikae milele: kinywa na shingo yake, nyumba za pistoni, mihimili midogo inayoshikanisha mirija. Na viko vinavyoteleza: mrija mkuu wa kulinganishia sauti, mrija wa kila pistoni, kipulizio. Hivyo vya pili vilipakwa mafuta tangu kiwandani ili vitoke. Muundaji alijua kwamba chombo chake kitakutana na baridi na joto, na wenzake wasioujua mrija wake, akaacha mahali pa kuafikiana. Alionyesha kwa mkono wake mwenyewe kipi kibadilike na kipi kisibadilike.

Hesabu nayo ikakubali. Kushuka kutoka 452.5 hadi 440 kunahitaji nyongeza ya karibu asilimia 3 ya urefu, ndizo hizo sentimita nne. Mirija ya pistoni ni mifupi, kwa hiyo yatosha kuivuta milimita chache. Mrija mkuu wa asili hauwezi kuvutwa kiasi kinachotakiwa, maana miguu yake ingebaki imeshikwa kidogo tu na pumzi ingevuja. Lakini waweza kutengenezwa mwingine wenye umbo lilelile, mrefu kwa sentimita mbili kila mguu, unaoingia katika matundu yaleyale. Hakuna kitakachokatwa, wala hakuna fedha mpya. Ukitoa huo na kurudisha wa zamani, ambayo ni kazi ya nusu dakika, una koneti ya mjomba kama alivyoiacha.

Fundi hakuipenda sana rai hiyo. Alisema kiungo kipya kitaonekana. Nilimwambia ndivyo ninavyotaka. Mrija mpya ameutengeneza kwa shaba tupu isiyopakwa kitu, nao unang'aa manjano katikati ya fedha iliyochakaa. Nilipoipeleka koneti kwa jirani yangu, mpigaji wa bendi ya mtaa, akaipiga pamoja na kinanda cha mwanawe, noti za katikati zilikaa vizuri. Za juu kabisa zinavuta kidogo, kwa sababu mtanuko wa mrija umebadilika mahali ambapo muundaji hakukusudia. Mpigaji atazirekebisha kwa midomo, kama wapigaji wote walivyofanya kabla yake.

Koneti inaondoka mwezi ujao na ndugu anayesafiri. Nimeifunga katika kisanduku chake pamoja na chupa ya mafuta ya pistoni, ingawa najua itafika siku itapakwa ya cherehani. Mrija wa asili nimeuzungushia kanga na kuuweka chini, na juu yake nimeacha barua kwa yule kijana. Nimemwambia apige koneti atakavyo, katika harusi atakazo. Ombi langu ni moja: mrija ule asiuuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hata siku atakapouona hauna kazi. Siku kinanda kikiharibika, au umeme ukikatika katikati ya harusi, autie mahali pake na kuwaambia waimbaji wapande juu kidogo. Babu yake alikuwa akianzia hapo.